Betri Haiingii, Halafu Tunazungumza Kujitoa

Tulikwama Magomeni Mapipa, mimi na dereva wangu wa kijiweni, saa mbili kasoro asubuhi, mbele ya kabati lililojaa betri. Si utani. Kabati la chuma lenye vyumba vyumba kama banda la njiwa, kila chumba na betri yake, kila betri na taa ya kijani kuonyesha imeshiba. Pikipiki yetu ya umeme ilikuwa imebakiza asilimia nne na ilishajipunguzia mwendo yenyewe, inatambaa kama mwenye pumu. Betri kumi na mbili ziko hatua tatu kutoka tuliposimama, na hakuna hata moja inayotuhusu. Kabati lilikuwa la kampuni nyingine.

"Haiingii, bosi," kijana akaniambia kabla sijauliza. "Tundu lao lina pini nyingi kuliko letu. Na hata ukilazimisha, hii pikipiki inaijua betri yake. Ukiweka ya mwingine inanuna, haiwaki."

Kabati letu lilikuwa Sinza, tulilipita nusu saa nyuma, yeye akidhani atafika Kariakoo na kurudi. Akapiga simu. Baada ya muda akaja mwenzake na Boxer ya petroli, akaweka mguu kwenye kikanyagio cha pikipiki ya umeme, akaanza kuisukuma taratibu kuirudisha Sinza, petroli ikibeba umeme mgongoni. Mimi nikavuka barabara nikapanda mwendokasi.

Naanza na kabati hilo kwa sababu wiki ile nilikuwa nimechoshwa na mjadala mwingine. Kila tunapogombana na jirani, iwe mahindi yamezuiliwa mpakani au wafanyabiashara wamefungiwa milango, hakosekani mtu wa kuandika: tujitoe tu, kwani hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki inatupa nini? Na hakosekani wa pili wa kumuunga mkono kwa mfano wa Uingereza: wenzetu walijitoa Ulaya, wamekufa? Swali la pili nalipenda kuliko la kwanza, maana lina jibu, na sehemu nzuri ya jibu hilo imefungwa ndani ya baiskeli ya umeme.

Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, na asilimia 51.9 wakasema tutoke. Wakatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, wakakaa kwenye kipindi cha mpito hadi mwisho wa mwaka huo. Ahadi moja iliyopigiwa debe sana ilikuwa kwamba, wakiwa nje, watajipangia ushuru wao wenyewe bila kuuliza Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Sasa tazama kilichotokea. Januari 2019, Uingereza ikiwa bado ndani, Umoja wa Ulaya uliziwekea baiskeli za umeme za kutoka China ushuru maalumu wa kuzuia bidhaa kumwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Ulianzia asilimia 18.8 na kupanda hadi 79.3, kutegemea kiwanda. Siku Waingereza walipofungasha virago, ushuru huo nao waliufungasha, wakaenda nao nyumbani. Sheria za Ulaya walizokuwa wakizilalamikia ziligeuka kuwa sheria zao kwa kunakiliwa, kwa sababu huwezi kuamka asubuhi moja ukiwa na nchi isiyo na kitabu cha forodha.

Ushuru ule ukabidi uchunguzwe upya na chombo chao kipya cha kusimamia mambo hayo. Kifupi cha jina lake ni TRA (Trade Remedies Authority). Naam, nao wana TRA, ila ya kwao si mamlaka ya mapato kama yetu, haiulizi risiti ya EFD. TRA hiyo ikapima, ikaona kuuondoa kungempunguzia mnunuzi pauni 200 hivi kwa baiskeli moja, zaidi ya shilingi laki sita kwa pesa zetu. Mapema mwaka 2025 serikali ikakubali. Baiskeli za kawaida za umeme zikafunguliwa mlango. Za kukunja zikaachwa na ushuru wake, kwa sababu huko ndiko kwenye watengenezaji wa nyumbani wa kulindwa, na jina linalojulikana zaidi ni Brompton wa Greenford, magharibi mwa London. Karibu na wakati huohuo Umoja wa Ulaya ukaongeza ushuru wake kwa miaka mitano mingine.

Kwa hiyo ndiyo, kujitoa kuliwapa kitu. Mtu wa Manchester anaweza kununua baiskeli ya umeme ya Kichina kwa bei ambayo mtu wa Munich haipati. Sitaki kulidharau hilo, maana waandishi wengi wa upande wangu hulificha. Lakini hesabu miaka: kutoka kura ya maoni hadi kufuta ushuru mmoja, wa bidhaa moja, tena kwa kuacha kipande, ni miaka minane na miezi. Na walipoukata walifanya kilekile ambacho Brussels ingefanya: walitazama nani ana kiwanda, wakamlinda huyo, wakafungua palipobaki.

Upande wa pili wa shilingi hawakuutangaza. Mkataba wa biashara waliofikia na Ulaya mkesha wa Krismasi wa 2020 ulisema ushuru ni sifuri, na vichwa vya habari vikashangilia sifuri. Sifuri hiyo ni ya bidhaa zenye uasili wa Uingereza au wa Ulaya. Baiskeli iliyotoka Asia ikapumzika ghalani Uingereza, kisha ikapelekwa kwa muuzaji wa Dublin, haikuwa ya Kiingereza hata kama kadi ya dhamana imechapwa London. Inalipiwa inapoingia Uingereza, inalipiwa tena inapoingia Ireland. Wenye maghala waliozoea kuhudumia visiwa vyote viwili kutoka sehemu moja wakajikuta wanahitaji ghala la pili, makaratasi ya pili na mtu wa pili wa kuyajaza.

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumwonyesha mtu wa "tujitoe", hata hivyo, sitamwonyesha ushuru. Nitamwonyesha mota.

Baiskeli ya umeme inayoruhusiwa barabarani Ulaya bila leseni wala namba ina mota isiyozidi wati 250, na mota hiyo inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Uingereza kanuni ni hiyohiyo, ila wanaiandika kwa maili: 15.5. Wapo nje, wana bunge lao, hakuna wa kuwazuia kusema wati 700. Mwaka 2024 serikali yao iliuliza maoni kama nguvu ipandishwe hadi wati 500. Wazo likafa. Na hata lingepita, ningependa kumwona mwenye kiwanda aliyeko maelfu ya kilomita atakayefungua mstari wa pili wa uzalishaji kwa ajili ya kisiwa kimoja. Angewauzia ileile ya Ulaya.

Kama mota iko mbali, tazama waya wa simu yako. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu zote zinazouzwa kwake ziwe na tundu la aina moja la kuchajia, USB-C. Apple walishasalimu amri mapema, na simu yao ya Septemba 2023 ikatoka na tundu hilo. Uingereza haikuwemo kwenye uamuzi huo. Tanzania wala haikujua unapigiwa kura. Lakini pita Kariakoo leo, Mtaa wa Aggrey, uulize waya wa simu mpya: utapewa USB-C kabla hujamaliza sentensi. Machinga wetu walibadilishiwa mzigo na kikao cha watu ambao hawatawaona maisha yao yote.

Huo ndio uzito wa kambi ya biashara kama ninavyouelewa mimi. Ushuru ndio unaopigiwa kelele majukwaani kwa sababu una namba na namba inauma. Mwenye kuamua umbo la tundu ndiye anayeamua nani atauza, nani atatengeneza na nani atakwama Magomeni. Ulaya wameshaendelea na hatua nyingine: sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vyepesi, baiskeli za umeme zikiwemo, ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi huru, hadi seli moja moja, na kila betri iwe na pasipoti yake ya kidijitali. Fundi huru! Soma tena maneno hayo ukiwa umekaa kwenye benchi la mafundi wa Gerezani.

Nilikwenda huko siku chache baadaye, kwa udadisi tu. Fundi mmoja ninayemfahamu, zamani alikuwa wa redio, siku hizi anafungua betri. Akanifungulia moja iliyokufa. Ndani hakuna muujiza: seli za duara zimepangwa kama mayai kwenye trei, kila moja na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, betri ya tochi iliyoongezewa kimo. Seli moja inatoa volti 3.6 hivi. Ukiziunga ishirini kwa mfululizo unapata 72, na hapo una nguvu ya kubeba dereva, abiria na gunia la mkaa. Juu ya seli kuna bao dogo la saketi, na hilo ndilo lenye maneno. Linapima joto, linazuia seli zisishibishwe kupita kiasi, na linazungumza na pikipiki. Pikipiki inauliza: wewe ni nani? Betri inajibu kwa namba. Namba isipojulikana, umeme hautoki, hata kama betri imejaa pomoni.

"Hizi seli ni zilezile, mzee wangu," akaniambia huku anaigonga moja na bisibisi. "Ya kampuni hii na ya ile, ukizimwaga mezani huwezi kuzitofautisha. Wametofautisha mdomo tu."

Ana kopo la maziwa ya unga limejaa midomo hiyo. Plagi za pini mbili nene na nyembamba nne, za pini mbili na sita, za duara, za bapa, zote alizikata kwenye betri zilizokufa. Akaniambia wapo vijana wanaomletea wakitaka awafanyie ujanja, aunge mdomo wa huku kwenye betri ya kule na kuliruka lile bao. Yeye anakataa, anasema. Na afadhali akatae, maana lithiamu ikikasirika haizimwi kwa mchanga wa ndoo moja, na pikipiki hizi usiku hulala sebuleni kwa kuogopa wezi.

Nizitendee haki kampuni. Zina sababu za kufunga betri zao. Dereva hanunui betri, anaikodi, maana betri ni sehemu kubwa ya gharama ya chombo kizima. Betri isiyofungwa ingeishia kuwasha taa za genge. Na kampuni iliyomkopesha pikipiki kijana asiye na dhamana yoyote inajilinda kwa kuweza kuizima kutoka mbali asipolipa. Haya yote nayaelewa. Lakini wakubwa wa pikipiki wa Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, ambao wamegombania wateja kwa miongo, walikaa mezani mwaka 2021 wakakubaliana umbo na viwango vya betri moja ya kubadilishana. Ushindani wakauhamishia kwingine. Hawakuwa malaika. Walipiga hesabu wakaona dereva hawezi kununua chombo ambacho kituo chake cha chaji kiko upande wa pili wa mji.

Na upande wetu hesabu inalipa, hilo ndilo linaloniuma. Boxer inakunywa lita mbili hadi mbili na nusu kwa kilomita 100. Mwaka 2025 bei ya petroli Dar ilikuwa ikicheza juu au chini kidogo ya shilingi 3,000, kwa hiyo weka 6,000 hadi 7,500. Ya umeme, kwa mwendo huohuo, uniti nne, tuongeze moja ya hasara ya kuchaji. Kwa shilingi 350 na ushee kwa uniti, haifiki 2,000. Kampuni ya betri inaweka faida yake juu, sawa, bado kunabaki kitu mfukoni mwa dereva baada ya kupeleka hesabu. Petroli tunaiagiza kwa dola. Umeme tunao: bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Nchi yenye mto wake na foleni yake ilipaswa kuwa ya kwanza kuchangamkia jambo hili. Kigali wametuacha. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria pale haisajiliwi kama si ya umeme. (Kuna jambo la tozo pia. Kila lita ya petroli inaichangia serikali, ikiwemo ile mia moja iliyoongezwa Julai 2023, na pikipiki ya umeme haipiti pampuni. Siku zitakapokuwa nyingi, Hazina itapiga hodi. Hilo nitaliandika siku nyingine.)

Sasa rudi kwenye Jumuiya. Ukitaka kujua Afrika Mashariki iliyounganika kweli inafananaje, usiende Arusha kwenye makao yake, nenda dukani kwa spea za Boxer. Pikipiki ile ya Kihindi imefanya kazi ambayo wakuu wetu hawajaimaliza. Ikiharibika Namanga inatengenezeka, Rusumo inatengenezeka, Mutukula inatengenezeka, kwa spana namba kumi na fundi yeyote mwenye mikono. Mdomo wa pampu ya mafuta unaingia kwenye tangi lolote, la Mkenya au la Mrundi. Hakuna aliyetia saini mkataba wa mdomo wa pampu akiwa na wimbo wa taifa nyuma yake, na hakuna dereva aliyewahi kuufikiria. Tunahama sasa kwenda kwenye umeme, na hatua ya kwanza ya kuhama imekuwa kuuacha umoja huo tuliokuwa nao bila kujua.

Jumuiya ina chombo cha kulifanya hili. Ina viwango vya pamoja vinavyoanza na herufi EAS, na ndiyo maana unga na mafuta ya kula yaliyoongezwa virutubisho yana masharti yaleyale Mwanza na Kisumu. Kama tumeweza kukubaliana vitamini ndani ya kilo ya unga, pini za betri haziwezi kuwa siri ya dunia. Kama kuna kikao kinakaa kuhusu tundu hilo, habari zake hazijafika Magomeni.

Kinachofika kila mwaka bila kukosa ni Gazeti la Jumuiya, lile la matangazo rasmi, la mwisho wa Juni. Wasomaji wa kurasa za uchumi wanalijua. Tuna Umoja wa Forodha tangu Januari 2005, wenye ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje: sifuri, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022 ngazi ya nne ya asilimia 35. Hivyo ndivyo ulivyo kwenye karatasi. Kisha kila Juni mawaziri wa fedha wanachapisha orodha ndefu ya nani ameruhusiwa kutoufuata. Nchi hii itatumia kiwango chake kwa bidhaa fulani mwaka mmoja, ile itatumia chake kwa nyingine, na mwaka ukiisha wanaongeza mwingine. Mchele ndio mfano maarufu: kiwango cha pamoja ni asilimia 75, Kenya imekuwa ikitumia 35 kwa ruhusa. Kila mmoja ana sababu yake nzuri. Orodha nzima ukiisoma kwa pamoja ni ya watu wanaohama nyumba kwa kutoa kiti kimoja kila siku.

Bidhaa iliyoingia kwa nafuu hiyo haina ruhusa ya kuvuka kwenda kwa jirani kama ya nyumbani. Ikivuka inadaiwa kiwango cha pamoja. Kwa hiyo pikipiki ya umeme iliyounganishwa nchi moja kwa vipuri vilivyosamehewa ushuru inaweza kusimamishwa pale Rusumo na kuulizwa uasili wake, kama baiskeli ya Asia inavyoulizwa ikitoka Uingereza kwenda Dublin. Waingereza walihitaji kura ya maoni, mawaziri wakuu kadhaa na miaka minne na nusu kujijengea mpaka wa namna hiyo. Sisi tumejijengea tukiwa ndani, bila kura, kwa gazeti.

Wanaosema "tujitoe", basi, wamechelewa. Tunajitoa kila Juni. Kenya ilikwenda yenyewe kwenye mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, ikasaini Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024, wakati mkataba huo ulitakiwa kuwa wa wote. Kabla hujamrushia jiwe, kumbuka kwamba ni sisi tuliokataa kusaini Julai 2016, na mtikisiko wa Uingereza kupiga kura ya kutoka ulitajwa miongoni mwa sababu. Rais mstaafu Mkapa aliupinga mkataba ule kwa hoja nzito, na Bunge likaukataa Novemba. Nilimuunga mkono wakati ule, na hoja ya kulinda viwanda vichanga bado naiona ina mashiko. Lakini miaka imepita, na viwanda tulivyokuwa tunavilinda nimevitafuta kwa upande wa betri sijaviona. Nikeli ya Kabanga na kinywe (grafaiti) cha Mahenge, madini ya kutengenezea betri, bado ni habari za ardhini. Nasi Julai 2025 tukatoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo za aina kumi na tano, majirani wa Jumuiya wakiwemo, na Nairobi wakapiga kelele kwamba soko la pamoja tumelivunja. Kila mmoja ana mguu mmoja nje na anamlaumu mwenzake kwa kuacha mlango wazi.

Tuna uzoefu wa kujitoa na uzoefu wa kuvunjika, na ni vitu viwili tofauti. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tulitoka mwaka 2000, kwa hoja za kulinda viwanda na kupunguza utitiri wa uanachama. Muulize mtu yeyote kijiweni kama anakumbuka siku ile. Hakuna, kwa sababu hatukuwa tumeunganisha kitu cha kukatika. Mwaka 1977 ulikuwa wa namna nyingine. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na reli moja, bandari moja, posta moja, ndege moja. Ilipovunjika, mpaka na Kenya ulifungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali ukasainiwa Arusha Mei 1984 baada ya Mswisi Victor Umbricht kusuluhisha kwa miaka. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa miongo. Baba yangu mdogo alikuwa wa Reli. Tulipofungua sanduku lake baada ya mazishi, juu ya nguo kulikuwa na bahasha ya kaki yenye barua za madai, zimepangwa kwa tarehe. Waingereza nao waliletewa ankara yao ya kuondoka, iliyokadiriwa mwanzoni kati ya pauni bilioni 35 na 39, ila wao walikuwa na uwezo wa kuilipa na bado wakagombana mezani.

Kwa hiyo nikimjibu mtu wa "tujitoe" nitamwambia gharama ya kutoka inapimwa kwa kilichounganishwa. Kama Jumuiya ni orodha ya misamaha ya Juni tu, anaweza kuwa na haki, tutatoka na hakuna atakayegundua, kama COMESA. Mimi nataka iwe ngumu kutoka. Nataka pikipiki iliyochajiwa Arusha ibadilishe betri Kajiado, fundi wa Gerezani apate seli za kubadilisha na karatasi ya TBS, shirika letu la viwango, inayotambulika Kampala, na mwenye kabati la Magomeni alazimike kumuuzia umeme kijana wangu hata kama hampendi bosi wake. Kazi ya kwanza ya hayo haihitaji marais. Inahitaji wahandisi wa viwango wa nchi nane, meza, na kopo la yule fundi limwagwe katikati.

Na iharakishwe, kwa sababu makabati yanazidi kuota. Kila kabati linalofungwa mtaani na kila pikipiki inayokopeshwa ni mtu mmoja zaidi atakayedai tundu lake ndilo liwe kiwango, kwa kuwa ameshalipia. Kwa sasa bado ni mabishano ya wachache. Yakifika malaki, atakayekuwa na mtaji mkubwa ndiye atakayetuamulia, na pini hatutapanga sisi wala Arusha.

Kijana wa kijiweni bado anaendesha ya umeme. Anasema mkataba wake umebaki miezi saba na faida anaiona, hasa wiki ambazo EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wametangaza bei mpya. Ila siku hizi ukimwambia Kariakoo, kwanza anatazama asilimia, halafu anatazama angani upande wa Jangwani kama mvua inakuja, halafu ndiyo anataja nauli. Mwenye Boxer pembeni yake anataja nauli tu.